Wasifu wa Mama Robota, Aliyejaza Nyasi Sebuleni

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka mbali mkaacha mifugo yenu mikononi mwa watu msiowaamini sana: poleni, na asanteni kwa kufika. Wasifu huu umeandikwa na familia nzima. Unasomwa na mtoto wa tatu wa marehemu, binti yake mdogo, kwa sababu kaka yake mkubwa alijaribu kuusoma jana mbele ya kioo akashindwa kuvuka aya ya kwanza kwa kulia, na dada yake akashindwa kuvuka aya ya tatu kwa kucheka. Msomaji amechaguliwa kwa kuwa hutokwa na machozi upande mmoja tu.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa baba mfugaji na mama mfinyanzi wa vyungu. Asubuhi hiyohiyo ng'ombe wawili wa baba yake walikuwa wakizaa. Mmoja baba mtu alikuwa naye zizini, mwingine alikuwa amemwacha uani. Mkunga alipotoka mlangoni na kupaza sauti, "Amezaa salama! Wa kike!" baba, aliyekuwa ameinama na mikono imejaa kazi, alijibu bila kugeuka: "Safi kabisa! Mwacheni mama yake amlambe kwanza." Ilimchukua robo saa kutambua kwamba aliyezaliwa si ndama. Mama mtu alimsamehe, lakini si mwaka ule.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaimaliza 1965. Kwenda na kurudi ilikuwa kilomita kumi na mbili kwa miguu, na hakuchelewa hata siku moja, ila alifukuzwa darasani mara moja. Mwalimu wa hesabu aliuliza: una mbuzi kumi, ukiuza watatu, wanabaki wangapi? Darasa zima likajibu saba. Yeye akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, wenye mimba ni wangapi?" Mwalimu akaona anafanyiwa mzaha, akamtoa nje. Baada ya dakika kumi akamfuata kwenye kivuli cha ukuta, akamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini alitaka kujua. "Kwa sababu ukiuza wenye mimba," alisema, "hukuuza watatu." Mwalimu huyo naye alikuwa na mbuzi kwake. Inasemekana alirudi darasani akiwa na mawazo mengi.

Mwaka 1969 alichaguliwa kujiunga na chuo cha mifugo, akiwa mmoja wa wanawake wawili katika darasa la watu thelathini na wanane. Alihitimu Desemba 1970, na Jumatatu tarehe 4 Januari 1971 alianza kazi kama mhudumu wa josho, yaani lile birika refu lenye dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kuua kupe. Aliifanya kazi hiyo na nyingine za mifugo kwa miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu mwaka 2005. Ng'ombe waliopita mikononi mwake hawana idadi, na aliwakumbuka kwa sura. Watu aliwasahau. Ilikuwa kawaida yake kukutana na mtu sokoni, wakasalimiana vizuri na kuulizana hali, kisha akageuka na kutuuliza, "Yule ni nani?" Tukimwambia, alibaki gizani. Tukisema, "Ni yule mwenye jike jeupe lenye pembe moja iliyopinda," uso ulimng'aa: "Aa! Kumbe ndiye yeye! Amekonda jamani. Huyo mtu, si ng'ombe."

Ni kwenye josho alikokutana na mumewe. Mzee wetu, ambaye yupo hapa mbele na ametupa ruhusa, ni fundi cherehani, na tangu utotoni anawaogopa ng'ombe. Siku moja ya mwaka 1973 mama yake alimtuma ampeleke ng'ombe wao kwenye josho, maana kaka yake mkubwa alikuwa mbali na kundi lake. Fundi alijifunga kamba mkononi ili ng'ombe asimtoroke. Ng'ombe hakutoroka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye birika na kuruka ndani, naye fundi akaingia nyuma yake akiwa na suruali aliyoishona mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile.

Sasa, mhudumu wa josho huwa na mti mrefu wenye panda, wa kuwazamisha ng'ombe vichwa ili dawa ifike masikioni. Marehemu, kwa mazoea ya kazi, aliona kichwa kinaibuka, akakizamisha. Kilipoibuka tena ndipo akaona kina masharubu. Alimvuta nje kwa panda ileile, akammwagia ndoo nne za maji safi, akamwambia, "Samahani kaka. Lakini kupe huna tena." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1974, wakajaliwa watoto wanne. Hadi leo mzee anashikilia kwamba alizamishwa mara mbili, na kwamba ya pili ilikuwa makusudi.

Tunaingia sasa kwenye jambo lililompa marehemu jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile lililoandikwa kwenye kitambulisho chake.

Mwaka 1992 mvua za masika zilikatika mapema, mwanzoni mwa Mei. Watu walisema zitarudi. Marehemu, ambaye kila siku aliona ng'ombe wa eneo zima wakipita mbele yake, hakusema kitu kwa wiki mbili. Kisha akarudi nyumbani na daftari la shule, akaketi mezani, akaandika mpaka chai yake ikafanya utando. Wakati ule familia ilikuwa na ng'ombe ishirini na watatu. Alipomaliza alifunga daftari, akamwambia mumewe, "Fundi, kumi wanafika. Ishirini na watatu hawafiki."

"Wanafika wapi?"

"Machi."

Ilikuwa bado Mei, ng'ombe wamenona, wanang'aa kama wamepakwa mafuta, na mtu anazungumzia Machi.

Mwezi wa Juni, wakati wengine wakisifu unono wa mifugo yao, marehemu aliuza ng'ombe wake zaidi ya nusu. Alianza na madume yasiyo na kazi, akafuata maksai, kisha majike yaliyokwisha kuzeeka. Alibakiza majike saba yaliyokuwa na mimba au yaliyotoka kuzaa, na mitamba watatu, yaani majike machanga ambayo hayajazaa. Kijiji kilicheka sana. Shemeji yake, yaani kaka mkubwa wa mzee, mwenye ng'ombe zaidi ya themanini, alikuja amevaa koti lake la misibani, akaketi na kuinamisha kichwa. "Nimekuja kuwapa pole," alisema. "Nimesikia zizi limefariki."

Marehemu alimkaribisha chai. "Wewe utakuja kunipa pole mara ya pili, shemeji," alimjibu. "Hiyo ya pili njoo bila koti, kutakuwa na joto."

Mauzo yote yale yaliingia kwenye nyasi. Aliwalipa watu kukata majani mabondeni kabla hayajakauka yakawa vumbi. Alipita mashamba ya majirani waliokwisha kuvuna akaomba mabua ya mahindi, ambayo wengi wao walikuwa wanayachoma moto, na wakampa wakimhurumia. Seremala alimtengenezea sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko. Nyasi zilishindiliwa humo kwa miguu, zikafungwa kamba mbili, sanduku likanyanyuliwa, likabaki robota. Washindiliaji walikuwa sisi wanawe wanne. Watoto wa wenzetu walicheza mpira mwaka ule. Sisi tulicheza ndani ya sanduku.

Banda lilijaa, stoo ikajaa, jiko la nje likajaa. Mwishoni mwa Julai marehemu alisimama mlangoni pa sebule akiitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani. Kesho yake viti vilikwenda kulala kwa jirani. Marobota yalipangwa kutoka sakafuni hadi darini kwenye kuta tatu, na mengine yakapangwa chini mstari mmoja yawe viti. Mzee, ambaye hakuulizwa chochote, aliyashonea vitambaa vya maua ili wageni wasichomwe. Marobota yote, ya nje na ya ndani, yalikuwa mia sita na arobaini na mawili. Kuanzia hapo hakuna aliyemwita marehemu jina jingine.

Wageni walikuja, wakaketi, wakapiga chafya. Mwalimu mkuu alifika siku moja mahususi kushtaki utovu wa nidhamu wa kitinda mimba wetu. Alipiga chafya kumi na moja mfululizo, akaomba maji, akapiga nyingine nne, akaaga bila kufikia mashtaka yenyewe. Kitinda mimba, ambaye leo ni baba wa watoto watatu wenye nidhamu nzuri, ameomba tuseme hapa kwamba anamshukuru mama.

Mlangoni pa zizi marehemu aliandika kwa chaki orodha ya wanaokula. Wenye mimba walikuwa juu, wanaonyonyesha wakafuata, mitamba chini yao. Majina kumi. Lakini zizini kulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja.

Huyo wa kumi na moja aliitwa Shangazi. Alizaliwa mwaka 1975, wiki moja na kaka yetu mkubwa, na ndiye ng'ombe pekee duniani ambaye mzee hakumwogopa, kwa sababu bibi yetu, mama yake, alimpa ng'ombe huyo angali ndama wa kubebeka. Mwaka ule wa ukame alikuwa na miaka kumi na saba na meno mawili. Siku ya mnada alipotafutwa hakuonekana. Alipatikana jioni nyuma ya duka la fundi, amefungwa kwenye mguu wa meza ya kukatia nguo, amefunikwa kitambaa cha pazia, na wateja walikuwa wameambiwa wasizungumze kwa nguvu.

"Fundi," marehemu alisema, "huyu hana meno, hana mimba, na hana kesho. Kila tonge analokula anamnyang'anya mwenye ndama tumboni."

"Basi asile," mzee alijibu. "Akae tu."

"Sawa. Akae. Lakini nyasi yangu hata unyasi mmoja hagusi. Nimezihesabu."

Na kweli alikuwa amezihesabu. Kila jioni ya Ijumaa alipita ukuta hadi ukuta na daftari lake, na hesabu ilikuwa inakubali. Agosti ikaisha, Septemba ikaisha. Malisho yakawa ardhi tupu yenye nyufa za kuingiza mguu. Ng'ombe wa watu walianza kutembea wakiyumba. Na Shangazi, ambaye hakuwa kwenye orodha, hakuwa akikonda. Marehemu alimzunguka kila asubuhi akimpapasa mbavu, akatikisa kichwa. Alikwenda hata kumwuliza daktari wa mifugo kama kuna ugonjwa unaonenepesha.

Jumamosi ya tarehe 10 Oktoba, saa tatu asubuhi, aliamua kuanika godoro. Godoro lao la ndoa lilikuwa la majani makavu, mzee alilishona mwenyewe mwaka 1974. Marehemu alipolishika upande wake lilikuwa zito kama kawaida. Alipolishika upande wa mumewe, mkono wa kushoto ulikutana na wa kulia.

Alimwita. Mzee alikuja na futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Fundi, godoro limekwenda wapi?"

"Limeshuka."

"Limeshuka mpaka wapi?"

Mzee alitazama zizini. Ikawa hakuna haja ya maswali mengine. Tangu Agosti alikuwa amefungua mshono mdogo upande wake na kutoa majani konzi kwa konzi, naye akilala juu ya mbao. Tena marehemu alikumbuka kwamba tangu Agosti alikuwa akiamka ameviringika hadi kwa mumewe. Miezi miwili yote alidhani ni mapenzi.

Lakini marehemu hakugomba. Aliuliza swali moja la kikazi: "Hana meno. Anayatafunaje?"

Hapo mzee akamchukua hadi nyuma ya duka, akamwonyesha. Alikuwa akiyakata majani vipande vifupi vya urefu wa kidole kwa mkasi wake wa kukatia suti, akiyalowesha kwa maji yenye chumvi kidogo kwenye beseni, akisubiri yalainike, ndipo anampa. Marehemu alilitazama beseni. Lilikuwa limelambwa likang'aa. Akarudi zizini akalitazama hori la ng'ombe wake kumi, wale wa kwenye orodha, wanaokula nyasi ndefu kwa utaratibu wa chuo. Chini ya kwato zao zilitapakaa nyasi zilizovutwa, zikaangushwa, zikakanyagwa na kukojolewa. Aliinama akazikusanya, akazipima kwa mikono. Theluthi nzima ya jasho lake ilikuwa chini.

Wanaomfahamu marehemu wanajua kwamba kukubali kosa kulimchosha kuliko kulima. Alifungua daftari, akapiga hesabu, akafuta, akapiga tena. Kwa mwendo ule nyasi zingekwisha mwishoni mwa Januari. Zikikatwa, zingefika katikati ya Machi. Alifunga daftari.

"Fundi, lete mkasi."

"Upi?"

"Yote."

Ndani ya wiki mhunzi alitengeneza panga lililofungwa kwenye gogo kwa bawaba, la kukatia nyasi kwa mkono mmoja, na mkasi wa suti ukastaafu kwa heshima. Nyasi zilikatwa, zikaloweshwa maji yenye chumvi na molasi kidogo, ile nyeusi tamu itokayo kwenye kiwanda cha sukari, na hori likawa linabaki safi kama sahani ya mtoto mwenye njaa. Na jioni ya siku ile ya godoro, chini ya orodha ya chaki, liliongezwa jina la kumi na moja. Mzee anasema alisimama pale mlangoni akalisoma mara tatu. Godoro lenyewe halikujazwa mpaka mwaka uliofuata. Marehemu alisema kila mtu abebe msalaba wa mshono wake.

Katikati ya Novemba shemeji alikuja. Hakuvaa koti. Aliketi kwenye robota lenye kitambaa cha maua, akasifu chai, akauliza habari za masomo ya watoto, na muda wote huo vidole vyake vilikuwa vinachomoa nyasi moja moja kutoka chini ya kitambaa na kuzitia mfukoni, bila yeye mwenyewe kujua. Marehemu alimtazama mpaka mfuko ulipotuna.

"Wamebaki wangapi, shemeji?"

Mikono ikasimama. "Sitini na mmoja. Jana tulimnyanyua mmoja kwa magogo. Watu sita. Alisimama, akatuangalia, akalala tena."

"Wanaoweza kutembea mpaka mnadani?"

"Wengi. Bado wengi."

"Basi wauze wiki hii, wangali wanatembea. Bakiza kumi wenye mimba, uwalete hapa. Kitakachopatikana kiagizie lori la mabua na pumba kutoka kule mvua ilikonyesha. Nitawalisha pamoja na wangu, hori moja, kisu kimoja."

Shemeji alisimama. Alikuwa mtu mrefu, na sebule ile iliyojaa nyasi ilimfanya aonekane mrefu zaidi. "Kumi!" alisema. "Mimi? Nikibaki na kumi nitaitwa nani?"

"Utaitwa mwenye ng'ombe," marehemu alisema. "Ukibaki na sitini na mmoja utaitwa mwenye ngozi."

Aliondoka bila kuaga. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne marehemu aliomba ruhusa kazini akamfuata. Alimkuta zizini kwake, amekaa kwenye jiwe tangu alfajiri, na fimbo mkononi. Alikuwa amejaribu kuchagua kumi akapata thelathini na wanne. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: huyu mama yake alikuwa mwema, huyu alizaliwa siku ya mvua, huyu hutambua sauti. Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule, wala hakujificha. Marehemu hakumwambia neno la hesabu. Alikaa chini kando yake akamwuliza habari za kila ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, wote thelathini na wanne, akasikiliza mpaka jua likawa juu ya vichwa vyao. Kisha wakachagua pamoja. Shemeji yupo hapa leo, ana miaka themanini na sita, na ndiye aliyetaka sehemu hii isomwe. Amesema asiyewahi kumlilia ng'ombe asimcheke.

Miezi iliyofuata haikuwa ya kucheka, ingawa tulicheka. Upepo ulileta vumbi hadi ndani ya sukari. Ng'ombe mmoja wa shemeji alikufa Februari akizaa, marehemu akaenda nyuma ya banda akakaa huko peke yake, akarudi macho mekundu akisema ni vumbi. Ndama wake alipona, akanyweshwa kwa chupa na mzee fundi, akiwa amesimama mbali kadiri mkono ulivyofika. Majirani waliokuwa wamecheka walianza kuja mmoja mmoja kuangalia panga la kwenye gogo, wakisema wanapita tu. Marehemu aliwafundisha wote, akimkumbusha kila mmoja alichosema mwezi Juni, neno kwa neno, kabla ya kumpa somo. Alikuwa na roho nzuri, lakini kumbukumbu pia alikuwa nayo.

Mvua ilinyesha Jumatano, tarehe 17 Machi 1993, saa nane mchana. Sebuleni yalikuwa yamebaki marobota manne, na juu ya mawili kati ya hayo walikuwa wameketi wageni. Watu walikimbia nje wakapiga vigelegele, wakafungua mazizi. Marehemu alikimbia na kufunga la kwake. Alisema tumbo lililozoea makavu likikutana na majani mabichi ghafla litavimba, na kwamba hakuwalisha ng'ombe miezi yote ile ili waje kuuawa na furaha. Majani yalipochipua, aliwalisha nyasi kavu kila asubuhi kabla ya kuwaachia malishoni, robo saa siku ya kwanza, nusu saa ya pili, mpaka wakazoea. Wake wote kumi walivuka, na tisa wa shemeji. Shangazi naye alivuka. Aliaga dunia kwa uzee mwezi Agosti 1994, akiwa amelala kivulini, saa chache baada ya kula suruali ya mteja.

Baada ya hapo marehemu alialikwa sehemu nyingi kufundisha ufungaji wa nyasi, uuzaji wa mapema na ulishaji wa wakati wa kiangazi. Alihutubia kwa kifupi, akapokea maswali kwa kirefu, na kote alikokwenda alisema mbinu ya kukata nyasi ilivumbuliwa na mume wake. Hakueleza ilivumbuliwa vipi.

Mwaka 2021 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka. Alitibiwa kwa miaka mitatu, akinywa dawa kwa wakati na kubishana kuhusu vipimo vyake. Alilazwa hospitalini Jumapili, tarehe 26 Mei mwaka huu wa 2024. Wodini aliwazoea wauguzi haraka. Mmoja mwembamba alipokuwa akimpima presha, marehemu alimshika mkono, akamwambia daktari, "Huyu mnamtumikisha bila kumlisha," na kuanzia siku hiyo hakukubali kula mpaka yule muuguzi naye akale.

Jumatatu kabla ya kutuacha alimwita binti yake, huyu anayewasomea, akamwuliza kama wasifu umeanza kuandikwa. Binti alisema hapana. Marehemu akasema, "Umo kwenye pochi, nimeona karatasi. Soma."

Basi ukasomwa, naye akausikiliza amefumba macho. Alisahihisha tarehe mbili. Palipoandikwa "alikuwa mpole na mnyenyekevu" alifumbua macho: "Mpole nani? Futa, watu watadhani wamekosea msiba." Pakafutwa. Kisha akauliza, "Kuhusu baba yenu umeandika nini?"

"Nimeandika mlivyokutana, na mlifunga ndoa lini."

"Basi?"

"Nimeandika mlijaliwa watoto wanne."

"Andika pia kwamba nilimpenda. Sana. Miaka hamsini inatimia Septemba na sijawahi kumwambia, nilikuwa na kazi."

"Mama, mwambie mwenyewe. Anakuja saa kumi."

"Nikimwambia mwenyewe ataniuliza nirudie," alisema, na akageukia ukutani. "Wewe soma tu. Soma kwa sauti, sikio lake la kulia halisikii vizuri."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa moja na dakika ishirini asubuhi, kwa utulivu, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, hasa yule mwembamba, ambaye amekuja leo na ambaye tunamwomba asiondoke kabla ya chakula.

Ameacha mume, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, dada wawili, shemeji mmoja, na ng'ombe saba, wanne kati yao wana mimba.

Baba, tafadhali sogeza sikio la kushoto. Mama amesema alikupenda. Sana.

Lala pema, Mama Robota. Mungu akupokee na akupe raha ya milele.